NTLite: inunue kwa ajili ya draiva na masasisho, mkasi wake uuogope

Kupiga Windows (kuisakinisha) yenyewe ni dakika ishirini. Kinachomla fundi muda ni yanayofuata: Wi-Fi haina draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa), masasisho ya GB kadhaa yanamaliza bando, kisha laptopu ya pili kwenye foleni ni ya aina ileile na kila kitu kinaanza upya. NTLite imetengenezwa kwa ajili ya hali hiyo. Inafungua imeji ya Windows (faili lenye Windows nzima) kabla haijasakinishwa, unaingiza draiva na masasisho, unapunguza usivyovitaka (huu ndio mkasi), unaandika mapema majibu ya maswali ya Setup, yaani kisakinishi cha Windows, halafu inakutolea ISO mpya, faili moja la kuweka kwenye flashi. Waliokuwapo enzi za XP wanaikumbuka nLite, na wa Vista wanaikumbuka vLite. Hii ni ya ukoo huohuo, na inashughulikia Windows 7 hadi 11.

Sasa, karibu kila inachofanya kinawezekana bure kwa DISM, programu ya amri iliyomo ndani ya Windows yenyewe, pamoja na oscdimg, ya kutengenezea ISO, inayokuja na ADK, pakiti ya zana za Microsoft. Kwa nini ulipie? Kwa fundi anayepiga mashine kumi za aina moja kwa wiki, inalipa. Mwenye laptopu moja nyumbani hana haja nayo. ISO safi na Rufus (programu ya kuandaa flashi ya kusakinishia) vinamtosha. Na kile kinachoifanya NTLite ijulikane kuliko vyote, yaani kuondoa vipande vya Windows, ndicho cha kutumia kwa uchache kuliko vyote. Tutafika huko.

Anzia kwenye ISO safi

Malalamiko mengi dhidi ya NTLite ukiyafuatilia unakuta tatizo lilikuwepo kabla haijafunguliwa. Mtu amechukua ISO iliyokwisha kukatwa na mtu mwingine, akaikata tena, kisha anashangaa sasisho linagoma. Imeji iliyopunguzwa haipunguzwi mara ya pili. Rudi kwenye ISO ya Microsoft, weka mipangilio yako juu yake. NTLite huhifadhi mipangilio yote kwenye faili dogo la XML, kwa hiyo kuanza upya hakukupotezei kazi.

Ukishusha ISO moja kwa moja kwenye tovuti ya Microsoft, ndani ya folda ya sources utakuta install.wim, imeji yenyewe. Ukitumia Media Creation Tool utakuta install.esd. Tofauti si jina tu. ESD imebanwa sana na DISM haiwezi kuipachika (kuifungua kama folda) ili ihaririwe. NTLite ikiiona itakuomba iibadilishe kuwa WIM, na hapo uiache ifanye kazi kwa muda wake, hasa kama diski ni ya kuzunguka. Kwa mkono ni hivi:

Dism /Get-WimInfo /WimFile:D:\sources\install.esd

Dism /Export-Image /SourceImageFile:D:\sources\install.esd /SourceIndex:6 /DestinationImageFile:C:\kazi\install.wim /Compress:max /CheckIntegrity

Namba 6 kwenye ISO za kawaida huwa ni Pro, lakini soma orodha ya amri ya kwanza kabla ya kuiamini. Matoleo mengine yafute mapema. Sasisho huingizwa kwenye kila toleo peke yake, kwa hiyo ukiacha Home, Education, Pro na ndugu zao wote, umejizidishia muda mara idadi yao bila faida yoyote.

Ukiongeza /Index:1 kwenye Get-WimInfo utaona mistari ya Version na ServicePack Build. Hiyo ya pili ndiyo inayokuambia imeji imefikia sasisho gani, izoee, tutaihitaji. Windows 10 22H2 itakuonyesha 10.0.19041 badala ya 19045. Si kosa. Namba ya 19045 huja kwa kifurushi kidogo cha kuwashia, msingi ni uleule.

Folda ya kazi iwe kwenye diski iliyofomatiwa NTFS, si flashi ya exFAT, na uwe na kama GB 30 wazi. Kuna kosa moja linalowazungusha wengi hapa: 0xc1510111, linalosema huna ruhusa ya kuhariri imeji, ingawa umefungua kila kitu kama msimamizi. Faili lililonakiliwa kutoka kwenye ISO limebaki na alama ya kusomwa tu. Amri moja inatosha:

attrib -r C:\kazi\iso\sources\install.wim

Draiva: hapa ndipo hela yako inarudi

Chukua laptopu yenye Intel ya kizazi cha 11 au kuendelea. Unachomeka flashi, Setup inafunguka vizuri, unafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski na orodha ni tupu. Mteja anaambiwa SSD imekufa. Haijafa. Mashine nyingi za aina hii zina VMD (kidhibiti cha diski cha Intel) iliyowashwa kwenye BIOS, na Setup ya Windows haiioni SSD ya NVMe iliyo nyuma yake bila draiva ya Intel RST.

Draiva hiyo huja kama SetupRST.exe, na Setup haijui la kufanya na .exe. Inataka .inf, faili la draiva lenyewe. Ifungue hivi:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\draiva\rst

Ndani yake tafuta folda yenye iaStorVD.inf. Sasa iingize mahali pawili, si mahali pamoja tu. Kwanza kwenye boot.wim, namba 2, ambayo ndiyo Windows Setup yenyewe. Namba 1 ni Windows PE ya kawaida. Pili kwenye install.wim. Ukiiweka kwenye install.wim peke yake, Setup bado haitaona diski. Ukiiweka kwenye boot.wim peke yake, usakinishaji unaweza kwenda mpaka mwisho, kisha mashine ikiwaka mara ya kwanza unakutana na skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ukitaka ukarabati wa baadaye ufanye kazi pia, iweke na kwenye winre.wim, iliyojificha ndani ya install.wim kwenye Windows\System32\Recovery.

Kwa DISM kazi hii ni kupachika na kupachua imeji tatu, moja ikiwa ndani ya nyingine. Inawezekana, ila ukikosea mpangilio saa tatu usiku unaanza upya. NTLite inazionyesha install.wim na boot.wim kwenye orodha moja, unabofya, unaburuta folda ya draiva, basi. Kwa sababu hii peke yake tungeilipia.

Njia ya mkato ya kuzima VMD kwenye BIOS ipo na inafanya kazi kwa usakinishaji mpya. Ila usiizime kwenye mashine yenye Windows ambayo mteja bado anaitaka. Windows ile ilizoea VMD, ukiizima haitawaka.

Kupata draiva nyingine, tumia mashine ya aina hiyohiyo inayofanya kazi vizuri:

Dism /Online /Export-Driver /Destination:D:\draiva\modeli

Panga folda kwa modeli. Kishawishi cha kumimina pakiti nzima ya draiva za dunia nzima kwenye imeji kikatae: imeji inavimba, na Windows ikiwa na draiva tatu zinazodai kifaa kimoja huchagua kwa vigezo vyake, si vyako. Zinazostahili kuingia ni za diski, Wi-Fi, LAN, chipuseti na padi ya kugusa. Padi inayounganishwa kwa I2C bila draiva ya Intel Serial IO haisogei hata kidogo. Draiva za grafiki ziache nje. Ni kubwa, na Windows Update itazileta yenyewe mtandao ukishapatikana.

Masasisho, na mpangilio wake

Huku ndiko imeji nyingi zinakoharibikia kimyakimya. Unatengeneza leo, zinapiga vizuri, na kasoro inajitokeza mwezi unaofuata mashine ikiwa kwa mteja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Windows 11 24H2, toleo la mwaka 2024. Microsoft wenyewe walitangaza kwamba mashine zilizosakinishwa kwa flashi au diski iliyoingizwa masasisho ya usalama ya Oktoba au Novemba 2024, yaani yaliyotoka kati ya tarehe 8 Oktoba na 12 Novemba, zinaweza kukwama zisipokee tena masasisho ya usalama. Zilizosasishwa kupitia Windows Update hazikuguswa. Ni zile za flashi tu. Dawa ni kutengeneza imeji upya ikiwa na masasisho ya Desemba 2024 au ya baadaye, na mashine zilizokwisha kukwama zisakinishwe upya kwa imeji hiyo. Sasa rudi kwenye mstari wa ServicePack Build. Ukisoma 2033 au 2314 kwenye imeji ya 26100, hiyo ni ya Oktoba au Novemba; itupe. Ya Desemba 10 inasoma 2605. ISO za namna hii bado zinazunguka kwenye flashi na kwenye magrupu ya Telegram, na hakuna kinachoonekana kibaya siku ya kwanza.

La pili linahusu masasisho ya ngazi, ambayo 24H2 ilikuja nayo. Zamani sasisho la mwezi lilijitosheleza. Sasa linasimama juu ya sasisho la msingi; la kwanza lilikuwa KB5043080 (KB ni namba ya sasisho) la Septemba 2024. Ukishusha sasisho jipya peke yake na kulilazimisha kwenye imeji iliyo nyuma ya hilo, litagoma. Weka mafaili yake ya .msu yote mawili kwenye folda moja isiyo na .msu nyingine, kisha elekeza DISM kwenye lile jipya tu. La msingi italitafuta yenyewe:

Dism /Image:C:\kazi\mount /Add-Package /PackagePath:C:\kazi\kb\jina-la-sasisho-jipya.msu

Kwenye NTLite unaziongeza zote mbili kwenye ukurasa wa Updates na inazipanga. Tena, kama mashine yako ya kazi bado ni Windows 10, DISM yake ni ya zamani kuliko imeji unayoihariri. Sakinisha ADK inayolingana na imeji, utumie DISM ya humo.

Mpangilio kwa ujumla ni huu: lugha na vipengele vya ziada kwanza, sasisho kuu la mwezi baadaye, la .NET (jukwaa linalotegemewa na programu nyingi) mwisho. Ukiongeza lugha baada ya sasisho kuu, itabidi uliingize sasisho kuu tena, maana mafaili ya lugha yamekuja na toleo la zamani. Na .NET 3.5 ina ukorofi wake. Ukiiwasha kwenye imeji, inaacha kazi ambayo haitamalizika mpaka mashine iwake. Ukijaribu kusafisha baada ya hapo kwa /StartComponentCleanup /ResetBase unapata 0x800f0806. Safisha kwanza, .NET 3.5 iwashe mwishoni kabisa.

Kuna jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Ukisasisha boot.wim pia, setup.exe iliyomo ndani yake inakuwa mpya, huku ile iliyo nje kwenye folda ya sources ikibaki ya zamani. Zikitofautiana, Setup inaweza kukwama mapema kwa ujumbe usioeleza lolote. Toa setup.exe kutoka kwenye boot.wim namba 2 uiweke juu ya ile ya nje. Kwa 24H2 fanya vivyo hivyo kwa setuphost.exe. Ambaye hana sababu ya kusasisha boot.wim aiachie draiva tu.

Na usikimbilie sasisho la wiki hii. KB5066835 la tarehe 14 Oktoba 2025 lilifanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi ndani ya mazingira ya ukarabati, WinRE. Windows ikiwaka kawaida huoni tatizo. Siku inapokataa kuwaka ndipo unagundua huwezi hata kuchagua Startup Repair. KB5070773 ilitoka tarehe 20 kurekebisha. Aliyetengeneza imeji yake tarehe 15 aliigawa kasoro hiyo kwa kila mashine iliyopita mezani wiki hiyo. Kusubiri siku kumi hakumuumizi mtu.

Mkasi

Ukurasa wa Components ni mrefu na unatamanisha. Mamia ya visanduku, kila kimoja kinaahidi MB kadhaa. Watu wanakata mpaka ISO inashuka chini ya GB 3, wanapiga picha ya skrini, wanashangiliwa.

Tatizo ni kwamba sasisho la mwezi halijui ulichokata. Linakuja na mafaili ya vipande vyote, linajaribu kuyaweka mahali pake, na likikosa msingi linaloutarajia linafika karibu na mwisho, linarudi nyuma, na mashine inawaka ikisema inafuta mabadiliko. Au linafaulu na vipande ulivyoviondoa vinarudi. Sasisho kubwa la kubadili toleo hurudisha kila kitu, kwa sababu kwa hakika ni Windows nzima mpya.

NTLite ina kitufe cha Compatibility kinacholinda vipande vinavyohitajika na programu au kifaa fulani. Kitumie kabla hujagusa kisanduku chochote. Hata hivyo hakijui mteja wako ni nani. Vya kutoguswa kwa mazingira yetu:

Mtandao wa simu. Huku mtu anaunganisha laptopu kwa waya wa simu au modemu ya USB. Android ikigawa mtandao kwa USB inategemea RNDIS, draiva ya mtandao wa USB iliyomo ndani ya Windows. Ukiikata kwa sababu “ofisini kuna Wi-Fi”, mteja akifika nyumbani hana mtandao, na bila mtandao hawezi hata kushusha cha kuurudisha.

WebView2, inayoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine. Inaonekana kama sehemu ya Edge tu. Outlook mpya, Teams na Widgets vyote vinaitegemea.

Uchapishaji, na WinRE. Ukiiondoa WinRE, “Reset this PC” imekwenda nayo.

Windows Update na vipande vya servicing (vinavyosakinisha masasisho), hata kama lengo lako ni kuzuia masasisho. Kuyazuia kwa sera kunageuzika, kung'oa hakugeuziki kirahisi.

Unachoweza kuondoa bila kulala macho wazi ni programu za dukani zinazokuja na Windows: Xbox, Solitaire, Clipchamp, News, Weather. Zinaondoka safi, na mteja akizitaka anazipata Microsoft Store, ambayo kwa sababu hiyo unaiacha.

Mashine iliyokatwa sana ukija kuendesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth unaweza kupata 0x800f081f, yaani chanzo hakipatikani. Njia ya kuikarabati ni kufungua ISO safi ya toleo hilohilo ndani ya Windows, kubofya setup.exe na kuchagua kuhifadhi mafaili na programu. Vipande vyote vinarudi. Umerudi ulikoanza, umepoteza mchana.

Faili la majibu

NTLite inaandika autounattend.xml vizuri kuliko wengi wetu tungeandika kwa mkono, na hapa haihitaji sifa nyingi. Maonyo matatu tu. Ukiiambia ifute diski namba 0, itafuta namba 0 bila kuuliza. Kwenye mashine yenye SSD na diski ya kuzunguka, hujui ipi ni 0 mpaka uangalie, na picha za harusi za mteja huenda ziko huko. Pili, nenosiri uliloliweka humo linaweza kubaki kwenye mashine, ndani ya C:\Windows\Panther. Tatu, patisheni (sehemu ya diski) ya ukarabati iweke mwisho, baada ya C, na uipe GB 1. Wale walioipa kidogo walikutana na 0x80070643 Januari 2024, sasisho la Windows 10 KB5034441 lilipotaka MB 250 wazi ndani ya patisheni hiyo.

Kingine kinachodhaniwa kuwa kosa la imeji: umeweka Home na Pro, lakini Setup inasakinisha Home bila kuuliza. Mashine ilitoka kiwandani na ufunguo wa Home ndani ya BIOS na Setup imeusoma. Tengeneza faili sources\ei.cfg lenye mistari hii:

[Channel]
Retail
[VL]
0

Sasa itakuuliza.

Inapogoma, soma

Setup ikikwama, bonyeza Shift+F10. Dirisha jeusi litafunguka. Andika notepad X:\Windows\Panther\setuperr.log. Faili hilo ni fupi, setupact.log ndilo refu. Kama usakinishaji ulikwishaanza kuandika diski, angalia pia C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther. Sasisho likigoma ndani ya Windows iliyokwisha kusakinishwa:

findstr /c:", Error" C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log

Anza na kosa la kwanza kwa muda. Yanayofuata huwa ni mwangwi.

0x80070570 na 0x80070017 wakati wa kunakili mafaili zinaelekeza kwenye flashi, RAM au ISO iliyoharibika. Badilisha flashi na tundu la USB kabla hujagusa imeji. Linganisha pia hashi (alama ya kuthibitisha faili) kwa certutil -hashfile faili.iso SHA256. 0x80073712 na 0x800f0831 zinasema ghala la vipande limevunjika, na kwenye imeji ya NTLite mshukiwa wa kwanza ni mkasi. 0x800f0922 ni kisakinishi cha ndani kilichoshindwa. Sababu zake ni nyingi, kuanzia patisheni ya EFI iliyojaa hadi kipande kilichokatwa. Hapo hakuna njia ila CBS.log. 0xC1900101 wakati wa kupandisha toleo karibu kila mara ni draiva.

Umeme ukikatika imeji ikiwa imepachikwa, ukirudi utapata 0xc1420127, kwamba imeji tayari imepachikwa. Endesha Dism /Cleanup-Mountpoints, kisha uanze na nakala safi ya install.wim, iliyokatikia njiani usiiamini. Na 0xc1420117 wakati wa kupachua maana yake dirisha fulani bado limefungua folda ya mount. Mara nyingi ni File Explorer yako mwenyewe. Lifunge, rudia.

Jaribu kila imeji kwenye mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) ya Hyper-V au VirtualBox kwanza, uendeshe Windows Update ndani yake mpaka mwisho. Hilo litakufichulia makosa ya masasisho na mkasi. Ya draiva halitayafichua. Hayo yanahitaji laptopu halisi.

Kuiweka kwenye flashi

FAT32 haipokei faili lililofika GB 4, na install.wim iliyoingizwa masasisho inapita hapo kirahisi. Ukinakili kwa mkono, faili linakataliwa. Rufus inakwepa kwa kutumia NTFS. Ukitaka FAT32 kwa sababu ya mashine korofi, igawanye:

Dism /Split-Image /ImageFile:C:\kazi\install.wim /SWMFile:C:\kazi\install.swm /FileSize:3800

Weka install.swm na install2.swm ndani ya sources, uitoe install.wim. Setup inazisoma bila kuambiwa. NTLite inaweza kukugawia yenyewe wakati wa kuhifadhi, au kuibana kuwa ESD, ambayo ni ndogo zaidi lakini inachukua muda na RAM. Hifadhi WIM kama asili, ESD iwe ya kugawa.

Kisha kuna Secure Boot, ulinzi unaoiruhusu mashine kuwasha tu kilichotiwa saini. Vyeti vya Microsoft vya 2011 vinaanza kuisha muda Juni 2026, na mashine ambazo cheti cha zamani kimekwisha kufungiwa kwa ajili ya udhaifu wa usalama CVE-2023-24932 hukataa flashi yenye kianzishi kilichotiwa saini kwa cheti hicho. Microsoft wana skripti iitwayo Make2023BootableMedia.ps1 inayobadilisha mafaili ya kuwashia yawe ya cheti cha 2023. Ila flashi hiyo nayo inaweza kukataliwa na laptopu ya zamani ambayo BIOS yake haijapokea cheti kipya. Fundi awe na flashi mbili zilizoandikwa kwa kalamu, ya 2011 na ya 2023, badala ya kumzimia kila mteja Secure Boot.

Leseni, na mbadala

Toleo la bure linatosha kujifunza, kuongeza draiva na kutengeneza ISO, lakini baadhi ya vipengele vimefungwa na si la kazi ya biashara. Anayepigia wateja Windows kwa malipo anahitaji Business. Matoleo yaliyovunjwa yanayogawiwa mitandaoni tusiyazungumze. Unakipa kitu usichokijua haki ya msimamizi juu ya imeji utakayoiweka kwenye mashine mia.

Kama lengo ni kupunguza tu, skripti ya tiny11 ya NTDEV ni bure, ni ya PowerShell, inatumia DISM na oscdimg, na unaweza kusoma kila mstari inachofanya. Chunga tu usichanganye na tiny11 core: hiyo imeng'olewa WinSxS, ghala la vipande vya Windows, na haipokei masasisho kabisa, kwa hiyo ni ya majaribio ndani ya mashine pepe. Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, bado inaombwa na wenye laptopu za zamani, na kwa baadhi yao hakuna ujanja: 24H2 inataka prosesa yenye maelekezo ya SSE4.2 na POPCNT, na hilo halipitiki kwa BypassTPMCheck (mpangilio wa kuruka ukaguzi wa TPM) wala kwa kisanduku chochote cha NTLite.